Mwaka Nilioshika Funguo za Eeddo

Siku ya nane baada ya kumzika Eeddo Shamsa, mwanawe Fatah alikuja kwangu na daftari jipya. Eeddo alikuwa shangazi yangu, dada ya baba, na Fatah ndiye aliyerithi ile ploti yake ya vyumba kumi hapa Garissa. Alikaa kwenye mkeka, akanywa vikombe viwili vya chai yenye hiliki, kisha akasema, akiniita dada kwa Kisomali, "Abaayo, wewe una nyumba nyingi na wapangaji wako hawahami. Mimi sijui hata pa kuanzia. Nifundishe." Nikamfundisha saa nzima. Nilimwambia apande mwenyewe juu ya mabati kabla ya mvua, asingoje kuambiwa kwamba kunavuja. Nilimwambia mtu akishalipia chumba, chumba ni chake, asimwingilie kwa ufunguo wa pili kwenda kuchungulia masufuria yake. Siku mpangaji anapoingia, wazunguke pamoja waandike kilichovunjika, kioo kwa kioo, ili siku ya kuhama wasitukanane. Akitaka mtu ahame, ampe notisi kwa maandishi na afuate sheria, asiguse mlango wa mtu. Na mpangaji mwenye malalamiko asimchukie, maana huyo ni mkaguzi anayemfanyia kazi bure. Fatah aliandika yote kwa bidii. Halafu akafunga daftari, akatabasamu, akasema, "Ni mambo mengi, wallahi. Hooyo aliendesha ile ploti miaka yote bila shida hata moja."

Bila shida hata moja. Niliinuka nikaenda jikoni, nikashika ukingo wa sinki mpaka vidole vikaniuma. Nilimsikia akiuliza kutoka sebuleni, "Abaayo, nimekosea?" Nikamjibu hapana, malizia chai. Mimi mwanamke wa karibu miaka hamsini, ninayegombana na mafundi na madalali kutwa nzima, nilinyamaza tena, kama nilivyonyamaza nikiwa na miaka kumi na tisa. Hasira iliyonipanda siku hiyo haijashuka bado. Fatah hana kosa. Mwaka huo alikuwa shule ya bweni Nairobi, na aliporudi aliambiwa hadithi fupi: kulikuwa na ajali, mvua ilikuwa kubwa. Nataka asome hadithi ndefu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama zangu hazikunifikisha popote. Eeddo akaniita akanikabidhi chumba namba moja, karibu na lango, pamoja na kishada cha funguo kizito kama jiwe la mizani. Nilikuwa keateka, mwangalizi wa ploti. Sitasahau furaha ya chumba kile. Kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku langu la bati, na dirisha lililotazama barabara ya mchanga ambapo mikokoteni ya punda ilipita na mitungi ya maji tangu alfajiri. Vyumba vilitazamana, vitano huku na vitano kule, katikati ua, na mwisho wa ua bafu la mabati na vyoo viwili vya shimo, cha kulia kikiwa kimefungwa kwa sababu kilijaa zamani. Kwa hiyo watu wa vyumba vyote walitumia kile cha kushoto. Kuta za vyumba hazikufika kwenye paa. Mtu akikohoa namba kumi, namba moja anamwambia pole. Eeddo alinipa somo moja tu la kazi, siku ile ile ya kwanza, akiwa amesimama langoni na mwavuli wake wa kujikinga jua. "Hodan, nyumba ni kama ngamia. Unakamua. Hubembelezi."

Namba sita alikaa Faduma, mwanamke wa miaka kama thelathini aliyetoka kambi za Dadaab, pamoja na mama yake, Ayeeyo Barni. Faduma aliamka kabla ya adhana kuwasha moto wa anjera, mikate yetu myembamba, akazipanga kwenye beseni na kuzipeleka hotelini na sokoni. Ayeeyo alibaki mlangoni na redio yake, akibishana na mtangazaji. Alikuwa kizee mkali, miguu yake mibovu, macho yake mabovu zaidi, na hakuna chai uliyompikia ambayo haikuwa na kasoro. Nilipomsimulia maneno ya Eeddo kuhusu ngamia alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo hajawahi kukamua ngamia," akasema. "Ngamia usipomwimbia hakupi hata tone." Namba nne alikaa Mwalimu Katumbi, Mkamba wa kutoka Mwingi, mwalimu wa darasa la tatu. Ijumaa mchana tulikula pamoja uani, kwenye kivuli cha ukuta wa magharibi: anjera za Faduma, maharagwe ya Katumbi yaliyoungwa kwa kitunguu kingi, na chai yangu. Ayeeyo alidai kwamba maharagwe ni chakula cha wafungwa, kisha akasogeza sahani aongezwe. Katumbi alimjibu kwa Kikamba, yeye akarudisha kwa Kisomali, hakuna aliyeelewa neno, na wote wawili walikuwa wakishinda.

Mwezi wa joto kali, Katumbi aliniita nyuma. Alikuwa ameshika rula yake ya mbao ya darasani. Sakafu ya zege ya kile choo ilikuwa na ufa, kuanzia kwenye tundu hadi ukutani upande wa kushoto. "Tazama, Hodan," akasema, akaiingiza rula kwenye ufa. Ilizama yote mpaka vidole vyake vikagusa sakafu. "Chini hapa hamna kitu. Mchanga umeporomoka. Mwambie shangazi yako leo, si kesho." Nilikwenda siku hiyo hiyo. Nakumbuka sebule ya Eeddo vizuri kuliko ninavyokumbuka uso wake: mazulia mekundu juu ya mazulia mekundu, uunsi, ubani wetu, ukifuka kwenye kitezo, wageni wanne wa kike wakichagua vitambaa kutoka kwenye bunda jipya. Nilimnong'oneza. Akanijibu kwa sauti ya juu ili wageni wasikie, "Choo ni choo, kila choo kina ufa. Baada ya Idi." Mmoja wa wageni akacheka. Nikala halwa niliyopewa nikarudi.

Idi ikaja ikapita. Baada ya Idi mafundi walikuja kweli, nami nikakimbia kumwita Katumbi kwa furaha. Walikuwa wamekuja kupaka rangi ukuta wa mbele na kubadilisha lango. Waliweka lango jipya la chuma, la buluu, lenye nyota mbili. Kwa siku nzima waligonga nyundo kwenye lile lango, wakati hatua arobaini nyuma yake watu kumi na saba walikuwa wakichutama juu ya shimo lililo wazi. Hadi leo nikipita mtaa wowote na kuona nyumba imepakwa rangi barabarani tu, ubavu wake wa nyuma ukiwa uchi, damu inanichemka. Rangi inamtafuta mpangaji mpya. Choo, waya na paa ni vya yule ambaye tayari yumo ndani, na huyo wengi humwona kama mtu aliyekwisha kunaswa.

Usiku, kwa kuwa kuta hazikufika juu, nilimsikia Faduma akimfundisha mama yake kama anavyofundishwa mtoto. "Hooyo, ukiingia, mguu wa kulia kwanza. Ushike mlango. Ufa uko kushoto, unauona? Usikanyage kushoto kabisa." Na Ayeeyo akajibu, "Nimeuona, nimeuona. Macho yangu hayajafa." Walirudia somo hilo mara nyingi. Nililala nikilisikia.

Kisha vyumba nane na tisa vikaachwa wazi, na dalali akaleta habari kwamba afisa wa shirika fulani la misaada anavitaka vyote viwili na atakuja kuviona Jumamosi. Ijumaa asubuhi Eeddo alifika na kijana wa mkokoteni akiwa na nusu mfuko wa saruji. Hakuingia chooni. Alisimama mbali, ncha ya buibui puani. "Hodan, mwanangu, funika pale kushoto. Laini laini, kama sahani. Yule mtu asione kitu." Nikamwambia, "Eeddo, Mwalimu alisema chini ni patupu." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ninakulipa wewe au ninamlipa Mwalimu?"

Nikakoroga saruji na mchanga kwenye karai. Nikapiga magoti. Naandika jambo hili kwa sababu hakuna mwingine aliye hai anayelijua: niliona fahari. Sikuwahi kushika mwiko wa fundi maishani, na ile saruji ilinitii. Niliisambaza, nikainyunyizia maji, nikailainisha tena mpaka ufa ukapotea kabisa na sakafu yote ikawa kitu kimoja, kijivu, safi. Unene wake haukufika kidole. Nilinawa mikono nikaenda kula anjera na wenzangu kivulini, na Ayeeyo akaniambia nina saruji kwenye nyusi. Faduma akasema, "Alhamdulillahi, wametengeneza." Nilikuwa na kipande cha anjera mdomoni. Nilitafuna.

Afisa alikuja, akasifu lango, akachukua vyumba. Katumbi, aliyekuwa kwao kwa mazishi wiki hiyo, alirudi Jumanne. Alikwenda chooni, akatoka, akaja moja kwa moja kwangu. "Huku si kutengeneza. Hii ni poda," alisema. "Nani amepaka?" Niliinamia vidole vyangu, naye akajua. Akasema Ijumaa, akipata ruhusa ya mkuu wa shule, angeenda ofisi ya afya ya mji kumleta mkaguzi. Hapo ndipo nilipofanya tendo ambalo sikulazimishwa na mtu yeyote. Niliogopa kupoteza chumba changu chenye dirisha, nikaenda kumwambia Eeddo.

Kesho yake alikuja na fundi seremala. Katumbi alikuwa hajaondoka kwenda shule, kikombe cha uji mkononi. "Toa mlango," Eeddo alimwambia fundi, kisha akamgeukia Mwalimu kwa Kiswahili chake. "Wewe, nyumba yangu nataka. Kwenda."

"Mama Fatah, sina deni lako hata la siku moja."

"Deni hakuna," Eeddo akasema. "Mdomo iko."

Fundi alianza kufungua bawaba. Mlango ulikuwa wa mbao nzito na ulianza kuyumba, naye akahitaji mtu wa kuushika. Eeddo akanitazama. Nikaushika. Katumbi hakupiga kelele. Alisimama na uji wake akinitazama mimi, si Eeddo, si fundi, mpaka bawaba ya mwisho ilipotoka na uzito wote ukaniangukia mikononi. Alitundika leso mahali pa mlango na akakaa siku mbili humo, kila mpita njia akiona kitanda chake, akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Siku ya tatu, Ijumaa ile aliyotaka kwenda ofisi ya afya, alipakia vitu kwenye mkokoteni. Nilitaka kumsaidia kubeba jiko, akanikataza. "Fanya kitu kimoja tu," alisema. "Waambie waliobaki kwamba chini ya ile saruji ni shimo. Hasa mwambie Faduma." Nikamwambia nitamwambia.

Sikumwambia. Jioni ile Faduma alikuwa amechoka. Kesho yake nilisema nitamwambia Ijumaa inayofuata, kwenye mlo wetu. Ijumaa ilipofika hapakuwa tena na mlo wa kivulini, kila mtu alikula chumbani kwake, kwa sababu wote walikuwa wameona mlango ukitolewa na wote walikuwa wamejifunza. Hayo ndiyo mwenye nyumba anayoyapata anapomwadhibu anayesema: ukimya. Eeddo aliusifu. "Unaona ploti ilivyotulia?" Nami usiku nilisikiliza nisikie somo la Faduma kwa mama yake, mguu wa kulia kwanza, na sikulisikia tena. Hakukuwa na haja. Palikuwa pamekuwa laini kama sahani.

Mvua za deyr, zile za vuli, zilianza kwa kishindo. Mto Tana ulipanda, na katika mji wetu mto ukipanda maji hupanda chini ya ardhi pia, hula mchanga kimya kimya. Siku ya nne mvua ilipumzika mchana, jua likatoka, ua ukafuka mvuke. Ilikuwa karibu na alasiri. Nilikuwa mlangoni kwangu nikichambua mchele. Ayeeyo alipita na birika lake la plastiki la kutawadhia, akavuta mguu, akanitupia neno kuhusu uvivu wa wasichana wa siku hizi. Nilimwona akifungua mlango wa choo. Nilikuwa na muda wa kuita. Naujua muda huo ulivyokuwa mrefu, nimeupima mara nyingi tangu hapo. Kisha nikasikia sauti nzito ya kitu kinachoporomoka, kama gunia la sukari likitupwa kutoka juu ya lori, na baada yake sauti ndogo ya birika.

Wanaume wawili wa namba kumi walikuja na kamba. Nusu ya sakafu ilikuwa imekwenda, upande wa kushoto wote, na pembeni mwa tundu kipande cha saruji yangu kilikuwa bado kimeng'ang'ania, chembamba kama ganda la mkate. Walimtoa. Alikuwa amekwisha fariki. Faduma alirudi kutoka sokoni na beseni tupu kichwani, akaona watu wamejaa uani, na nakumbuka alilishusha beseni taratibu, akaliegemeza ukutani vizuri lisianguke, kabla ya kuuliza.

Eeddo alikuja jioni na wazee watatu wa kwetu. Walikaa namba nane, kwa yule afisa, kwa kuwa kilikuwa chumba chenye viti. Nilipeleka chai. Eeddo alilia, na naamini machozi yalikuwa ya kweli. "Ni qadar ya Allah," alisema. Wazee wakaitikia. Mmoja wao, mwenye sauti ya upole sana, akamweleza Faduma kwamba kifo hakina mshitakiwa, na kwamba mtu wa kambini anayeishi mjini bila kibali afadhali asiite polisi, maana polisi huanza kwa kuuliza karatasi. Alisema hivyo kama anayempa ushauri mwema. Faduma hakuwa na mzee hata mmoja wa kuketi upande wake. Niliweka sinia chini nikasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba, "Qadar haikupaka saruji. Nilipaka mimi. Eeddo ndiye aliyeniletea, na alikuwa anajua." Kisha yule mzee mpole akasema, "Mpeni maji huyu msichana, ameshtuka." Na mtu akanipa maji.

Wiki iliyofuata Eeddo alichimba choo kipya. Fundi na vibarua wawili, shimo limejengwa kwa matofali ya zege hadi chini, sakafu yenye nondo, bomba la hewa. Walimaliza kwa siku tatu. Siku tatu! Ndiyo sababu leo nafanya yale ambayo wapangaji wangu hunicheka: kabla ya kila msimu wa mvua naingia na nyundo, nagonga kila sakafu ya choo pembe hadi pembe nikisikiliza palipo patupu, na mtu akinipigia simu juu ya waya au ukuta namwandika na saa aliyopiga, na siku ya pili fundi yuko pale. Watu hudhani ni ujuzi wa biashara. Ni hasira. Sijui kama ina thawabu yoyote. Siku fundi wa choo kile kipya alipoondoka nilikwenda kwenye sebule ya mazulia mekundu nikaweka kishada cha funguo mbele ya Eeddo, mbele ya wageni wake. Akasema, "Utarudi, huna pa kwenda." Nikaenda kuuza misumari na kufuli kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikilala kwa binamu, wanne chumba kimoja.

Faduma alikuwa amehama siku iliyofuata mazishi. Ilinichukua karibu miezi miwili kumpata, upande wa pili wa mji, kwa jamaa yake wa mbali aliyempa kona ya jikoni. Nilikwenda asubuhi. Alikuwa amekaa mbele ya chuma cha anjera, wateja wamejipanga na sahani zao. Aliniona, akaendelea kumimina unga kwa duara. Nikachutama karibu yake, nikamwambia kwa Kisomali yale niliyokuwa nimeyaandaa njia nzima: kwamba Eeddo ndiye aliyeamuru, kwamba niliogopa, kwamba naomba atusamehe, mimi na yeye.

Alifunika chuma kwa mfuniko. "Eeddo wako nimemsamehe," alisema. "Nilimsamehe siku ya tatu. Huyo hakuwahi kuingia kile choo hata mara moja. Hata jina la mama yangu hakulijua." Alifunua, akaondoa anjera kwa vidole, akampa aliyekuwa mbele. "Lakini ule ufa sisi tulikuwa tunauona, Hodan. Mama yangu alikuwa anajua pa kukanyaga. Wewe ulikuwa unatusikia, ukaja ukauficha, ukala na sisi. Wewe bado."

"Bado?" nikauliza.

"Bado. Siku nikiweza nitakutafuta mwenyewe. Usije tena kuniuliza."

Nilibaki pale nimechutama. Nyuma yangu mwanamke mwenye sahani akanigusa bega. "Dada, songa," akasema, "watoto wanangoja waende shule."

Nikasonga.